Msumeno wa Mnyororo: Jinsi ya Kuuchagua na Kuutunza

Wasomaji wetu kadha, hasa walimu wa shule zipikiazo watoto chakula na wazee wa vijiji vya milimani, wametuuliza habari za msumeno wa mnyororo, yaani ile mashine ya kukatia miti ambayo mafundi wengi waiita chenso. Wataka kujua ni upi ulio imara, ni wa ukubwa gani ufaao kwa kuni na kwa kusafisha njia, na mtu afanye nini ili fedha yake isipotee bure. Swali hili ni jema, nasi twalijibu kwa kirefu kidogo, maana mashine hii ikichaguliwa vema huokoa siku nyingi za kazi. Lakini ikichaguliwa vibaya hula fedha, na pengine hula mguu wa mtu.

Twakijua kijiji kimoja cha milimani ambako, mwisho wa masika, mkaratusi mkubwa ulianguka ukaziba njia iendayo zahanati. Upande mmoja wa njia ile ni genge, na upande wa pili ni mteremko mkali, hata pikipiki haikuweza kupita. Vijana walifanya kazi kwa mapanga na mashoka muda wa siku mbili, na katika siku hizo mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alichukuliwa kwa machela, akapitishwa juu ya shina lile kwa taabu kubwa. Kwa bahati njema alifika, akajifungua salama. Baada ya hayo wanakijiji walichanga fedha wakanunua msumeno wa mnyororo. Lakini walinunua ule wa bei ndogo kuliko yote, kwa mchuuzi aliyekuwa akipita gulioni, wala hawakuuliza lo lote. Juma la tatu injini ilikwama kabisa, na kipuri chake hakikupatikana po pote. Mwaka uliofuata mti mwingine ulipoanguka, watu waliyarudia mapanga yao.

Tulipouliza sana tuliambiwa kwamba mashine ile ilikuwa ikitiwa petroli tupu, isiyochanganywa na oili. Basi kosa lilikuwa la pande mbili: kuchagua na kutunza. Nasi tutasema juu ya yote mawili.

ASILI YA MASHINE HII

Mwaka 1926 Andreas Stihl, fundi wa Ujerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo uendeshwao kwa umeme. Uzito wake ulikuwa kilo 64, na watu wawili walihitajiwa kuushika. Mwaka 1929 alitoa mwingine wa petroli, nao pia ulikuwa mzito. Ilipofika mwaka 1950 ndipo kiwanda chake kilipotoa msumeno wa petroli wa kutumiwa na mtu mmoja, wenye kilo 16. Siku hizi msumeno wa kazi za nyumbani una kilo nne au tano hivi, kabla ya kutiwa mafuta na mnyororo.

Meno ya mnyororo nayo yana habari yake. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa Oregon katika Marekani, alimtazama funza wa mdudu mmoja akitafuna gogo gumu, akaona kwamba ale hivi kulia na hivi kushoto. Alikwenda akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, moja la kulia na moja la kushoto, na mwaka uliofuata alianza kuuza. Mnyororo tuutumiao leo ni wa namna hiyo hiyo. Yafaa mtu ajue jambo hili, maana yule asiyejua jino likatavyo hawezi kulinoa.

JE, WAUHITAJI KWELI?

Kabla ya kununua, mtu na ajiulize kazi yake ni kiasi gani. Nyumba moja ipikayo kwa matawi ya miwati au ya mikorosho iliyopogolewa haina haja ya mashine. Panga, shoka na msumeno wa mkono vyatosha, wala havidai petroli. Lakini shule ipikayo kila siku kwa masufuria makubwa, au kijiji chenye njia ndefu ipitayo katikati ya miti mirefu, kitaona faida yake mara moja. Na kwa kuwa haja hiyo si ya kila siku, twaona ni vema vijiji viwili au shule na kijiji wanunue msumeno mmoja ulio bora kuliko kununua miwili dhaifu.

UKUBWA UFAAO

Ukubwa wa injini hupimwa kwa sentimita za ujazo. Injini ya sentimita 30 mpaka 40 yafaa kwa matawi na kuni nyembamba. Ya 40 mpaka 50 ndiyo ifaayo kwa kazi tuliyoitaja, yaani kuni za shule na miti iliyoanguka njiani. Ya 50 mpaka 60 ni ya mtu akataye kila siku. Zile za 70 na kuzidi ni za wakata magogo na wapasua mbao, nazo ni nzito, hula petroli nyingi, na humchosha upesi asiyezizoea. Mtu aliyechoka ndiye ajikataye. Basi asidhani mtu kwamba mashine kubwa ndiyo imara.

Ule ubapa wa chuma ambao mnyororo huuzunguka nao una urefu wake. Kwa kazi zetu, sentimita 35 mpaka 45 zatosha. Mwenye ubapa wa sentimita 40 aweza kukata gogo lililo nene kuliko hapo kwa kuanza upande mmoja na kumalizia upande wa pili. Ubapa mrefu katika injini ndogo huitesa injini, na ncha yake huwa mbali na macho ya mkataji, jambo lililo la hatari kama tutakavyoeleza.

Tena mtazame miti ya kwenu. Msindano mbichi hukatika kwa wepesi. Mkaratusi uliokauka ni mgumu, na mpingo ni mgumu kupita yote, hata ukitupwa majini huzama. Wakatao miti migumu wanunue minyororo miwili au mitatu ya akiba, na tupa nyingi.

Wakaao katika nyanda za juu, kama Njombe na Mufindi, wakumbuke jambo moja zaidi. Huko hewa ni nyepesi kuliko pwani, na kabureta iliyorekebishwa pwani huipa injini petroli nyingi kuliko hewa. Kwa hiyo injini hutoa moshi mwingi na kukosa nguvu, na mwenyewe hudhani kwamba ameuziwa mashine mbovu, kumbe yataka kurekebishwa na fundi tu.

ALAMA ZA MSUMENO ULIO IMARA

Alama ya kwanza si rangi wala jina, bali ni vipuri. Uliza dukani: je, mna plagi, chujio la hewa, kamba ya kuwashia, mnyororo, ubapa, na lile gurudumu dogo la meno liendeshalo mnyororo? Na je, yuko fundi wilayani aijuaye mashine hii? Wakisema vitaletwa kesho, ngoja mpaka kesho uvione. Msumeno wa kawaida wenye vipuri wilayani ni bora kuliko msumeno mzuri sana usio na vipuri.

Alama ya pili ni vyombo vya usalama. Msumeno usiokuwa navyo usinunuliwe kwa bei yo yote ile. Navyo ni hivi: breki ya mnyororo, ambayo ni ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ikisukumwa mbele husimamisha mnyororo mara moja, kizuizi cha kifyatuo, ili kifyatuo kisivutike pasipo kiganja kushika mpini barabara, ndoano ndogo ya kudakia mnyororo ukikatika, kinga pana chini ya mkono wa kulia, na mipira au springi za kupunguza mtetemeko. Mtetemeko huu si jambo dogo. Mtu aupatao kila siku kwa miaka mingi hufa ganzi vidole, vikawa vyeupe, na ugonjwa huo hauponi kwa wepesi.

Alama ya tatu ni ukweli wa mashine yenyewe. Majina makubwa, kama Stihl na Husqvarna, huigwa sana, na misumeno ya kuigiza yauzwa katika magulio na maduka mengi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona bei imepungua mno, hakuna kitabu cha maelezo, namba ya mashine haipo au imekwanguliwa, au muuzaji hataki kuandika stakabadhi yenye namba hiyo, rudisha fedha yako mfukoni.

Mwisho, mashine na iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Injini ikinguruma polepole pasipo kifyatuo kuvutwa, mnyororo sharti utulie kabisa. Ukizunguka wenyewe, iko kasoro. Jaribu breki. Elekeza ncha ya ubapa kwenye karatasi nyeupe au kisiki, uvute kifyatuo kidogo: oili ya mnyororo yapasa kurukia pale kama mstari mwembamba. Isipoonekana, ubapa utaungua kabla ya mwezi kwisha.

Kuna na misumeno ya betri. Haina moshi, kelele zake ni chache, wala haihitaji kuchanganyiwa mafuta. Yafaa kwa kazi fupi mahali penye umeme wa hakika. Lakini kwa njia iliyo mbali na kijiji, betri ikiisha kazi imekwisha, ila ukiwa na betri ya pili.

Fedha isiishie kwenye mashine. Weka sehemu yake kwa ajili ya kofia ngumu, miwani ya kazi au wavu wa uso, viziba masikio, buti imara, na suruali ya kazi hii, ambayo ndani yake mna nyuzi ndefu. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hizo hujisokota katika gurudumu la meno na kuusimamisha. Kelele za msumeno wa petroli hupita desibeli 100, na masikio huanza kudhurika kwa kelele za desibeli 85 mtu akizisikia kutwa. Kijiji kisichoweza kununua mavazi haya kwanza kingoje kipate fedha ya yote pamoja.

MAFUTA NA MEZO

Injini ya msumeno huu haina oili yake peke yake kama ya gari. Hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Oili hiyo ni ile maalumu ya injini za mipigo miwili, ambayo madukani waiita tustroki. Oili ya gari haifai. Kitabu cha mashine chaonyesha kipimo. Nyingi za sasa zataka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa lita tano. Nyingine zataka moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Pima kwa chupa yenye alama, usikisie kwa kifuniko. Changanya katika dumu safi, litikise, wala usiweke mchanganyiko zaidi ya mwezi mmoja, maana petroli huchacha na kuziba kabureta. Andika juu ya dumu kwa herufi kubwa, ili mwenye pikipiki asije akakutilia petroli tupu.

Oili ya mnyororo ni nyingine, nayo huwekwa katika tundu lake. Usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina vumbi la chuma, nalo husaga ubapa na kuiua pampu.

Kila utiapo petroli, kagua oili ya mnyororo. Kila jioni safisha chujio la hewa na mfereji wa ubapa, na geuza ubapa juu chini kila unapobadili mnyororo ili usiliwe upande mmoja. Mnyororo ukazwe kiasi cha kwamba haulegei kuning'inia chini ya ubapa, lakini waweza kuvutwa kwa mkono uliovikwa glavu ukazunguka.

Kunoa ndiko kazi kubwa, na wengi hawaipendi. Tazama unga utokao: ukiwa ni vipande vipana, meno ni makali, ukiwa ni vumbi laini, meno yamekufa, na mkataji anaanza kukandamiza kwa nguvu. Acha hapo hapo unoe. Tumia tupa ya mviringo ya kipimo cha mnyororo wako, kama milimita 4 kwa minyororo mingi midogo na 4.8 kwa ile ya kadiri. Sukuma tupa upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, na kila jino lipate idadi moja ya mapigo, ama msumeno utakata kombo. Mnyororo ukigusa mchanga au jiwe mara moja tu, ukali wake umekwisha. Kwa hiyo katika njia za udongo, gogo liinuliwe kwanza au ligeuzwe.

KUSAFISHA NJIA

Kuangusha mti mkubwa uliosimama ni kazi ya fundi aliyefundishwa, wala hatutaifundisha hapa kwa karatasi. Lakini mti ulioanguka njiani nao una hila zake, na watu wengi wameumia wakidhani kwamba umekwisha kufa.

Hatari ya kwanza ni teke. Sehemu ya juu ya ncha ya ubapa ikigusa mti, msumeno huruka nyuma kuelekea uso na shingo ya mkataji, upesi kuliko mtu awezavyo kufumba jicho. Kwa hiyo usikate kwa ncha, usikate juu ya bega, shika kwa mikono miwili na dole gumba la kushoto lizunguke mpini, wala usisimame nyuma ya ubapa sawasawa, bali kidogo pembeni.

Hatari ya pili ni gogo lililovutika. Tazama kwanza limelala juu ya nini. Kama ncha zote mbili zimeegemea na katikati ni wazi, upande wa juu umeshindiliwa na wa chini umevutika. Anza juu, ukate kama theluthi moja, kisha malizia kutoka chini. Kama limeegemea upande mmoja tu na ncha ya pili yaning'inia, ni kinyume: anza chini theluthi moja, umalizie juu. Kanuni ni moja tu, anza upande ulioshindiliwa. Ukifanya kinyume, gogo litabana msumeno au litapasuka na kukurukia. Katika mteremko simama upande wa juu daima, na watu wote watoke chini. Chukua kabari mbili za mti au za plastiki. Zitauokoa ubapa uliobanwa.

Tena, mtu asiende peke yake. Wa pili asimame mbali, akiwa na simu, kitambaa safi na bandeji. Msumeno uwashwe ukiwa chini, breki imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma. Usiwashwe ukining'inia mkononi. Petroli itiwe injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara. Na aliyekunywa pombe asiuguse.

KUNI NA MITI YENYEWE

Kuni zikatwe urefu ulio sawa na jiko, zipasuliwe kwa shoka zingali mbichi, zipangwe penye upepo chini ya paa miezi sita au zaidi. Kuni mbichi pengine nusu ya uzito wake ni maji, na moto hupoteza nguvu zake kuyachemsha hayo kwanza. Moshi wake huwadhuru wapishi macho na mapafu. Shule ikatayo kuni za mwaka ujao mwaka huu yatumia kuni chache na ina wapishi wenye afya.

Wala msumeno si ruhusa. Katika Tanzania iko Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na katika Kenya iko Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Mtu hana haki kuingia msitu wa hifadhi na mashine hii pasipo kibali. Kabla ya kununua, mwenyekiti wa kijiji au chifu na amwulize afisa wa misitu kama mashine yapasa kuandikishwa. Na kwa kuwa kazi iliyochukua siku mbili sasa itachukua saa moja, miti nayo itakwisha kwa mwendo huo huo watu wasipopanda. Kijiji chenye busara hupanda kabla ya kuchanga fedha ya msumeno.

SHAURI LETU

Msumeno wa kijiji uwe na mtunzaji mmoja aliyefundishwa, na wa pili wa kumsaidia, wala usiazimwe ovyo. Uwe na daftari lake. Kila ukitoka, iandikwe tarehe, jina la aliyeutumia, kazi iliyofanywa, petroli na oili iliyotiwa, na kasoro iliyoonekana. Kazi hii yachukua dakika mbili, na mwalimu ye yote au karani wa kijiji aweza kuiangalia. Kijiji tulichokitaja hapo mwanzo kilichanga fedha mara ya pili, kikanunua msumeno wa kadiri, wenye vipuri mjini, na safari hii daftari lilinunuliwa siku ile ile. Tulipopita huko tulilisoma. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu nyekundu, nao ni huu: mililita 20 kwa lita moja. Na njia ya zahanati ilikuwa wazi.